Siku Tisa katika Chumba cha Jikoni

Saa nane mchana wali wa kunata ulikuwa umeshaiva ndani ya mianzi, nyama imekaukia vizuri kwenye tui lake, mikeka imetandikwa ukumbi mzima, na mjomba wa binti anayeposwa alikuwa amejifungia chumba cha jikoni, amejifunika blanketi mpaka puani, anasema hatoki. Wageni walikuwa waje baada ya Alasiri. Nilisimama mbele ya mlango ule na mwiko mkononi, na nakiri kwamba nilifikiria kuutumia.

Mjomba huyo ni kaka yangu Burhan, mtu wa miaka sitini na mitatu, mwenye mvi kichwa kizima na wajukuu watano. Mimi ni Rosmaini, mdogo wake kwa miaka mitatu, na nyumba ni yangu, kama ilivyokuwa ya mama na ya bibi. Kwetu nyumba hukaa kwa wanawake, wanaume huja na kuondoka. Mume wangu Basri amelala humu miaka thelathini na minane, na hadi leo akitaka kupigilia msumari ukutani huniuliza kwanza.

Mvulana wa kwetu akifikisha miaka saba au minane, hupewa mto na mkeka akapelekwa surau, ule msikiti mdogo ulio kando ya bwawa la samaki, akalale huko na wenzake. Mchana atakuja kula kwa mama yake, ila usiku hana kitanda pale. Akioa atalala kwa mkewe, na mke akifa, surau inamsubiri. Siku hizi wavulana wanalala majumbani na simu zao vifuani na hakuna anayewafukuza, nami sina ugomvi na hilo. Lakini mwanamume mzima kulala katika chumba cha wanawake wa ukoo wake, tena chumba cha jikoni, wanamolala mabibi na mabinti, hilo hata leo halijazoeleka.

Na siku yenyewe haikuwa siku ya mchezo. Wajomba wa Hendri, kijana aliyemtaka binti yangu Gusneti, walikuwa wanakuja kubadilishana amana, vitu vya kufunga uchumba. Wao hutoa yao, sisi hutoa yetu, na kuanzia hapo neno halirudi nyuma. Amana haipokelewi na baba wala na mama. Inapokelewa na mjomba wa binti, ameketi mahali pake, amevaa kofia yake, anajibu maneno kwa maneno. Mjomba asipokuwepo, wageni hunywa kahawa wakaondoka.

Haya siyasemi kwa kusikia, yalishatupata. Miaka sita kabla, Gusneti alikuwa na mchumba mwingine, na Burhan aliahidi kuja kutoka Palembang, mji wa mbali, alikokuwa na duka la viatu. Tulimsubiri. Mahali pake kwenye mkeka pakabaki wazi kuanzia Alasiri mpaka jua linakuchwa, kisha wageni wakakusanya kilicho chao, wakatushukuru kwa kahawa, wakateremka ngazi mmoja mmoja. Yule mwanamume sasa ana watoto watatu, na Gusneti ana miaka thelathini na minne. Siku ile hakulia mbele yangu. Aliosha vikombe vyote, vichafu na visafi, akavipanga kabatini.

Kwa hiyo niliposikia Burhan anakuja, na safari hii anakuja kweli, nilichinja kuku. Alishuka basini Ijumaa akiwa na mfuko mmoja na mto wake mwenyewe chini ya kwapa. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe walimtaka akae kwao Palembang, lakini alisema amechoka kusikia magari. Alikula, akasifu pilipili yangu, na magharibi ilipoingia nikamtolea taa ya mkononi ya kumfikisha surau. Hakuipokea. Aliingia chumba cha jikoni, akalala kwenye kitanda cha mama, ubavu wa kushoto, uso ukutani.

"Usiku mmoja tu, Ros," alisema.

Maneno hayo yalinishtua kuliko kitendo chenyewe, na sababu nitaieleza. Usiku ule nilinyamaza nikadhani ni uchovu wa safari. Gusneti, ambaye chumba kile kilikuwa chake, alitandika godoro ukumbini na kulichukulia jambo lile kama kichekesho. Usiku wa pili ukawa vilevile. Siku ya tatu Basri alikunja mashati yake mawili, akayatia mfukoni, akasema anakwenda kwa dada yake mpaka shemeji amalize kupumzika. Hakukasirika, Basri hajui kukasirika. Alisema tu kwamba mume wa mtu hawezi kulala ndani na kaka wa mtu yuko ndani, kisha akaniuliza dawa yake ya mgongo iko wapi.

Mchana kaka yangu alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, miguu inaning'inia nje, anakula mtindi wa nyati kwenye mwanzi wake na sukari ya mtende, kwa kidole. Alitafuta mkwaruzo aliouchora kwenye nguzo alipokuwa na miaka sita, akaupata, ukamfika kiunoni, akafurahi siku nzima. Aliniuliza iko wapi sufuria yenye sikio moja. Aliniuliza kama bado tunaye yule kuku mwekundu, kisha akacheka mwenyewe kwa kuona alichosema. Akili yake haikuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mgonjwa ungemwitia daktari.

Mabombani wanawake waliniuliza kama kaka yangu anaumwa au amerudi kunyonya. Nikawajibu kwamba anyonye au asinyonye, maziwa si yao. Lakini nilirudi nyumbani na hofu, kwa sababu ukoo wa Hendri unakaa ng'ambo ya bwawa tu, na kiongozi wao, Datuk Sinaro, ana masikio marefu na mdomo mrefu zaidi.

Siku ya tano ndipo Burhan aliponitaka niteremke chini ya nyumba. Nyumba zetu zina miguu, mtu husimama wima chini ya sakafu, na huko ndiko tunakoweka kuni na kinu na kuku. Alitaka nichukue kijiti, nigonge ubao ulio chini ya kitanda cha mama, mara tatu tatu, naye atakuwa amelala juu anasikiliza.

Nilimuuliza anasikiliza nini. "Sakafu," akasema. "Nataka kujua kama mtu aliyelala hapa anasikia."

Nilimwambia nina kazi nyingi na sina umri wa michezo. Nilisema kwa ukali, nikaenda kukuna nazi, na nilikuna mpaka kidole kikatoka damu. Nilikuwa nimeelewa tangu neno la kwanza alichokuwa anakitafuta, na jibu ninalo mimi. Hakuna mwingine duniani aliye nalo.

Basi niseme sababu. Burhan alikuwa na miaka minane na mimi mitano mama alipomfungia mto na mkeka akampeleka surau. Nilikuwa nimeshika upande wa kanga yake, niliona yote. Burhan alikuwa mtoto mwoga, anaogopa vyura, anaogopa giza la bwawani, na alilia njia nzima bila kutoa sauti. Kwenye ngazi ya surau mama aliinama akamwambia, "Usiku mmoja tu, Han. Kesho utarudi." Akamwambia asigeuke nyuma. Tukarudi mimi na mama wawili, na mimi nilikuwa na furaha. Kitanda kilikuwa chetu sasa, mimi na mama, na nafasi ya ukutani ilikuwa yangu.

Baada ya Isha alirudi. Nilisikia kuku wakihangaika, kisha kugonga kukaanza chini ya sakafu, mara tatu, kimya, mara tatu. Mlango wa jikoni ulikuwa na komeo. Akagonga tena, na tena, kwa muda mrefu sana, na hakuita. Mwishowe mimi niliweka mdomo kwenye ufa wa mbao nikamwambia mama amesema uende zako, wewe unanuka, hakutaki tena. Kugonga kukakoma. Mama hakuwa amesema neno lolote kati ya hayo.

Asubuhi Burhan alikuja kula kama wavulana wengine, na kesho yake, na miaka yote mpaka alipoondoka kwenda Palembang akiwa na miaka kumi na sita. Hakugonga tena wala hakumuuliza mama. Mama alikufa naye akiwa mbali. Na mimi nilikaa na jambo lile kwa miaka hamsini na mitano, kwa starehe kabisa, mpaka alipokuja na mto wake.

Sasa ndiyo hiyo siku ya tisa, saa nane, na mwiko mkononi. Nilianza kwa upole. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba maji ya kuoga yako tayari. Akasema ahsante, ataoga kesho. Nikamwambia nyama imetoka kama ya mama. Akasema nimwekee. Ndipo nikapandisha sauti. Nikamkumbusha siku ile ya miaka sita iliyopita, vikombe vilivyooshwa vichafu kwa visafi, na mkeka uliobaki mtupu. Nikamwambia mara ya kwanza hukuja, na mara ya pili umekuja kujificha kitandani, na sijui ipi ni mbaya zaidi. Nilisema mengi. Sikutukana, lakini nilifika karibu.

"Kuwa mjomba nimechoka, Ros," alinijibu. "Nimekuwa mkubwa tangu nina miaka minane. Niache mimi niwe mtoto kidogo."

"Na mwanangu?"

Nilisikia kitanda kikilia akigeukia ukuta.

Nilimtuma mtu kwa binamu yetu wa mbali, aje akae mahali pa Burhan japo kwa leo. Jibu lilirudi mbio. Burhan yuko nyumbani, mzima, anakula mtindi, na yeye akakae mahali pake? Watu watasema anamzika mtu angali anapumua. Nikaona ni kweli, na mimi ningesema hivyohivyo.

Saa tisa Gusneti alitoka chumbani mwangu amevaa, kitambaa chekundu cha nyuzi za dhahabu begani, uso umepakwa poda. Alinitazama usoni akaelewa. Akaenda mwenyewe mlangoni pa mjomba wake, akapiga magoti pale na nguo zake zote za sherehe, akazungumza taratibu. Nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno. Alimwambia hana hasira naye kwa ile mara ya kwanza. Alimwambia Hendri ni mtu mzuri, ana mdomo mdogo na mikono mikubwa, na kwamba leo ikivunjika hatataka kujaribu mara ya tatu. "Mjomba, mimi nitaosha vikombe tu," alisema. "Lakini naomba unijulishe sasa hivi, ili nivue hizi nguo kabla hawajaniona nazo."

Burhan akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kosa si la Gusneti, kuna kitu anakitafuta na bado hajakipata, na akitoka kabla ya kukipata hatakipata tena. Gusneti akainuka, akapangusa magoti, akaja jikoni. Aliniuliza mjomba anatafuta nini. Nilifunua sufuria nikaifunika tena.

"Mama, unajua," alisema. Hakuwa anauliza.

Wakati huohuo adhana ya Alasiri ikaanza kutoka surau. Baada ya adhana kuna sala, baada ya sala ni mwendo wa robo saa kuzunguka bwawa. Ninajijua: mimi ni mtu wa kujibu haraka na kukubali kosa polepole, na kosa hili nilikuwa sijalikubali hata peke yangu kwenye mkeka wa sala. Nilikuwa naogopa, na kwa kuogopa nilisimama pale jikoni mpaka sala ikaisha. Nilimwogopa kaka atakavyonitazama, na nilimwogopa binti yangu atakavyonijua. Nikavua aproni, nikamwambia Gusneti akae ukumbini asiondoke, nikateremka kwa mlango wa jikoni.

Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya kuku. Nilihesabu nguzo, ya nne kutoka nyuma, nikasimama pale alipowahi kusimama yeye. Mimi ni mfupi, na mbao ziko juu yangu kiasi cha mkono mmoja. Nikachagua kijiti kwenye kuni. Kati ya miguu ya nyumba niliona njia ya bwawani, na mbali kule, kwenye kona ya miti ya kahawa, miavuli miwili myeusi ilikuwa imeshatokeza.

Nikagonga mara tatu, nikasubiri, nikagonga mara tatu.

Juu hakukuwa na sauti hata ya kitanda. Nikagonga tena. Kisha akasema, na sauti yake ilinifika wazi kama tumekaa meza moja, "Nimesikia."

Nilikuwa nimetumaini kwamba hiyo itatosha. Lakini alisema tena, polepole, "Kumbe mama alisikia. Alisikia yote, na akalala." Na sauti ile haikuwa ya mtoto tena wala ya mjomba. Ilikuwa ya mtu aliyefunga duka. Nikaona nimeharibu kuliko nilivyokuta, na miavuli ilikuwa imefika nusu ya bwawa, na nyuma yake wanawake wenye sahani vichwani.

"Hakulala," nilisema.

Nikatazama tena njiani.

"Kaka, sikiliza, wageni wanafika, nitasema mara moja tu. Ulipoanza kugonga mama alishuka kitandani. Alilala sakafuni, chini kabisa, bila mkeka, akaweka kiganja chake juu ya ubao pale ulipokuwa unagonga. Kila ukigonga alikuwa anakisogeza kifuate kijiti. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wa pili. Mimi nilikuwa peke yangu kitandani nikaona wivu, kwamba umeondoka na bado umeondoka naye. Ndiyo nikakuambia yale maneno. Mama hakuyasema. Aliponisikia alinipiga kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake, na wewe ulikuwa umeshakwenda. Alibaki pale chini mpaka asubuhi. Kwa nini hakufungua mlango mimi sijui. Nilikuwa na miaka mitano."

Kijiti kilikuwa juu bado. Nilisikia wanawake wakicheka kule njiani.

"Yale maneno nilijua ni yako," alisema hatimaye. "Ulikuwa na kitembe. Mama hakuwa na kitembe."

Miaka hamsini na mitano niliibeba siri ambayo mwenyewe alikuwa nayo mfukoni. Nilitaka kucheka, nikashindwa, machozi yakanitoka kwa hasira zaidi ya huzuni.

"Ilikuwa wapi?" aliniuliza.

"Nini?"

"Kiganja chake. Nionyeshe."

Nikanyoosha kijiti nikagonga ubao wa tatu kutoka ukutani, karibu na fundo la mti. Kitanda kililia, kisha magoti yake yakagonga sakafu, moja, la pili. Mstari wa mwanga kwenye ufa wa ubao ule ulizimika, na vumbi kidogo likanidondokea machoni. Alikuwa amelala pale.

Kwenye ngazi ya mbele Datuk Sinaro alikohoa mara tatu, kama afanyavyo mwanamume anayefika nyumba ya watu.

Nilipanda kwa jikoni huku najipangusa uso kwa ncha ya kanga. Ukumbini walikuwa wameshaanza kuketi, wanaume upande wa dirishani, wanawake upande wetu, na mahali pa mjomba, chini ya nguzo kubwa, palikuwa patupu. Datuk alipatazama mahali pale, akamtazama jirani yake. Nilimkuta Gusneti nyuma ya pazia, akanishika mkono juu ya kiwiko, na alama za kucha zake zilikaa siku tatu. Kahawa ilimiminwa, ikanywewa, na Datuk akaweka kikombe chake chini bila kukimaliza. Mwenzake mmoja akaanza kukusanya miguu kama mtu anayetaka kuinuka.

Mlango wa chumba cha jikoni ulifunguliwa. Burhan alitoka amevaa suti nyeusi ya sherehe na kofia, shuka la kitambaa begani, vyote vimepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alikuwa navyo ndani ya ule mfuko tangu siku ya kwanza, na hilo nalo sijamsamehe. Shavu moja lilikuwa na alama ya mbao. Alipita katikati ya watu kwa adabu, ameinama, mkono mmoja mbele, akaketi mahali pake.

Datuk Sinaro ni rika lake. Walilala surau moja, na nina hakika alikuwa mmoja wa waliomcheka Burhan asubuhi baada ya usiku ule wa kugonga. Alimtazama shavu, akatabasamu, akasema walisikia mjomba anaumwa, siku tisa hainuki kitandani, tena kitanda cha nyumbani, wakahofia kwamba leo watapokelewa na paka.

Kwetu tusi likivikwa nguo nzuri hujibiwa kwa nguo nzuri zaidi, au ukoo mzima unabaki uchi. Burhan aliangalia mikono yake. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, nne, na Gusneti akaacha kupumua kabisa.

"Datuk, sikuwa naumwa," alisema Burhan. "Mnatuletea mtoto wenu alale nyumba hii mpaka uzee wake. Mimi ni mfanyabiashara wa viatu, simuuzii mtu kiatu ambacho sijakipima. Nimepima. Paa halivuji. Godoro ni gumu kidogo, lakini atazoea."

Wanaume waliangua kicheko, na wanawake wao wakaziba midomo. Datuk alicheka mpaka kofia ikaenda upande. Kisha, kwa kuwa hataki kushindwa, akauliza, "Na sakafu?"

"Sakafu ni nyembamba," alisema kaka yangu, na sasa hakuwa akimtazama Datuk. "Mtu akigonga chini, aliye juu anasikia."

Wakacheka tena, kwa sababu walidhani ni mzaha wa maharusi. Mimi nilikaa chini nyuma ya pazia. Amana zilibadilishwa kabla kahawa ya pili haijapoa: wao wakatoa jambia lililofungwa kwa hariri ya njano, sisi tukatoa kitambaa cha bibi yangu. Burhan aliyasema maneno yote, marefu yale, bila kukosea hata moja. Harusi ikapangwa mwezi wa mavuno. Gusneti aliosha vikombe vichafu tu, vile visafi akaviacha, na alikuwa anaimba.

Watu walipoondoka Burhan alikuwa ameshafunga mfuko wake. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa pembe zote. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima. Hakuniambia nimsindikize, alinipa mto tu niushike, akatangulia. Tulipita bwawani, vyura wanalia, na nikamuuliza kama bado anawaogopa. Akasema anawaogopa sana.

Kwenye ngazi ya surau aligeuka akanyoosha mkono achukue mto. Ndani mlikuwa na wazee watatu na televisheni.

"Sema," alisema.

Nilijua anataka nini. Nilitaka kumwambia nina miaka sitini, kuna watu, niache. Badala yake nikamshika kola nikaiweka sawa.

"Usiku mmoja tu, Han. Kesho utarudi."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama mlango wa jikoni bado tunautia komeo usiku. Nikamwambia ndiyo, kila siku, tangu enzi za mama. "Vizuri," akasema, "kuna binti ndani." Akapanda ngazi na mto wake chini ya kwapa, na hakugeuka.

Nyumbani Basri alikuwa amerudi na mashati yake mawili, ameketi ukumbini anasubiri chakula. Nikampakulia. Nikazima jiko, nikafunika sufuria, nikawafungia kuku. Mlango wa jikoni nikaurudishia tu. Komeo sikulitia.